RX-8, Altezza au Roadster: semeni vituko vyao kabla jamaa hajalipa

Kijana_wa_Fuoni

Assalaam alaykum wenye jamvi. RX-8 yangu ya Mazda, ya 2004, ishatoka bandarini Malindi, kibao cha Z kishakaa, na sasa ndo tunajuana. Kabla ya kuichukua nilikuwa nazunguka baina ya tatu: hii, Altezza RS200 ya Toyota, na Roadster ya Mazda ile ya umbo la pili, NB. Rafiki yangu wa Jang'ombe kaiona, kapagawa, naye anataka moja katika hizo hizo. Sitaki anunue kwa kuangalia yangu ikipita. Wenye Altezza na Roadster njooni. Habari za farasi na spidi zimejaa kila mahali, na hapa kwetu pa kuzitumia hapana. Tunataka yale usiyoyajua mpaka gari ilale kwako.

Naanza mimi. Ukiwasha tu kuna bibi wa Kijapani anakwambia kwa upole kuwa kadi ya ETC haimo, ile ya kulipia barabara za kwao. Redio mwisho wake FM 90, kwa hivyo stesheni nyingi za hapa hazishiki mpaka ufunge kile kifaa cha kushusha masafa, au ubadilishe redio nzima. Milango ya nyuma inafunguka kinyume na haifunguki mpaka wa mbele uwe wazi. Ukibanwa na gari nyengine Darajani, wa nyuma hatoki mtu. Na ukiipeleka juu, karibu na mizunguko elfu tisa kwa dakika, inakupigia mlio.

Hayo nayapenda. Yanayonishughulisha ni mawili: oili inapungua na chini hapana hata tone, na mshale wa joto ukishafika katikati hautikisiki tena hata iwe jua la saa saba. Spana, upo?

Spana_Namba_Kumi

Nipo. La oili lisikushughulishe, lishughulikie. Injini ile ya Renesis haina pistoni, ina rota mbili za pembe tatu, na kwenye kila ncha pana sili inayokwangua ukuta wa injini muda wote inapozunguka. Sili ile hailainishwi na kitu ila oili inayopelekwa makusudi ndani ya chumba cha moto, ikaungua pamoja na petroli. Yaani inakula oili kwa sababu imeundwa kuila. Ikiacha kula ndo unitafute. Kwa hivyo kijiti cha oili kivute kila unapotia mafuta, gari ikiwa sawa, si imelalia upande, na lita moja iwemo kwenye buti siku zote.

Mshale wa joto hauna kasoro ila ni muongo. Umetengenezwa ukae katikati kwenye nafasi pana sana ya joto, ukiuona umepanda basi maji yashachemka kitambo. Nunua kile kifaa kidogo cha OBD, kinachochomekwa kwenye kompyuta ya gari na kuzungumza na simu, usome joto lenyewe kwa namba. Injini hii joto ndo adui wake mkubwa, kwa hivyo feni, rejeta na kifuniko chake vitazame kabla hujafikiria rimu.

Sasa lile ambalo hukuliuliza, na ndo linalowaleta watu kwangu gari ikiwa juu ya kamba. Usiiwashe ikiwa baridi ukaisogeza hatua mbili ukaizima. Mgeni kaja, unampisha, unasogeza gari uwani, unazima. Asubuhi haiwaki. Injini ikiwa baridi inamwagiwa petroli nyingi, ukiizima pale pale petroli ile inabaki ndani, plagi zinalowa na oili ya kwenye sili inaoshwa, kompresheni, yaani nguvu ya mgandamizo, inapotea. Ukiiwasha, iache mpaka mshale uinuke ndo uzime. Na ikishalowa, kanyaga mafuta mpaka mwisho halafu piga stata: kompyuta inakata petroli na injini inajikausha. Harufu na moshi vitakuja, usiogope. Betri iwe nzima tu, na stata ipumzike baina ya mara moja na nyengine.

Kijana_wa_Fuoni

Fundi, kumbe ndo maana yule wa Japani kaandika kwenye tangazo "inawaka vizuri ikiwa baridi". Ikiwa moto je?

Spana_Namba_Kumi

Hapo umeniwahi. RX-8 ipimwe ikiwa moto. Endesha mpaka ipate joto lake, zima, subiri kidogo, washa tena. Ikishika mara moja, vizuri. Ikizungusha na kuzungusha ndo ishike, sili zimechoka, na hapo hapana dawa ya chupa, injini inafunguliwa. Ukitaka uhakika pima kompresheni, lakini si kwa geji ya pistoni tunayotumia kila siku. Rota moja ina vyumba vitatu, na geji ile inashika namba ya kilicho bora tu, vibovu viwili vinajificha nyuma yake. Kifaa chake ni maalumu, kinaonyesha vyote vitatu.

Na ukibadilisha plagi uwe macho: ziko nne, mbili kwa kila rota, na ya chini si sawa na ya juu. Fundi asiyejua anazichanganya. Koili pia ni nne, na zinachoka kabla ya vitu vingi. Gari ikianza kukohoa ukikanyaga, anzia hapo.

Turbo_la_Mtoni

Yote hayo kwa injini ya cc 1308? Na petroli inakunywa kama Prado. Mwambie jamaa achukue Subaru ya turbo alale usingizi.

Spana_Namba_Kumi

Turbo, mwenye Subaru ya turbo kulala usingizi? Haya. Jamaa kataja tatu, tubaki kwenye tatu.

Mkarafuu_Wete

Mie nina Altezza RS200, gia za mkono, huku Pemba. Yakhe, wenzangu wa Unguja mnasema hapana pa kuendesha kwa sababu kwenu kumenyooka. Njooni mpande Mkoani mpaka Chake, kilima na kona, kona na kilima. Hapo ndo utaijua Altezza.

Kituko chake cha kwanza: chini imelala. Injini yake, 3S-GE ya BEAMS, yenye kichwa kilichosanifiwa na Yamaha, farasi zake 210 zote ziko juu, kwenye mizunguko elfu saba na mia sita. Ukiiendesha kama daladala utasema umeuziwa Carina. Kwenye kilima inabidi urudi gia moja, saa nyengine mbili, ndo iamke. Mwenye kutaka gari inayovuta kutoka chini atachoka nayo.

Cha pili, gia ya pili asubuhi haitaki. Giaboksi zile za gia sita zinajulikana kwa hilo. Usiilazimishe, ipeleke taratibu mpaka oili yake ipate moto, baadae inaingia yenyewe. Ukiilazimisha kila siku utakuja kuilipia. Ikiwa inakwaruza hata moto, basi usinunue, au punguza bei kweli kweli.

Cha tatu ni mvua. Tairi za nyuma ndo zinazosukuma, na matone ya mwanzo ya masika baada ya kaskazi yote ile, lami ina vumbi na mafuta, inateleza ajabu. Msimu wa karafuu huku ndo zaidi, maana pembeni mwa barabara majamvi yameanikwa na njia imebaki nyembamba. Ukikosea kona hapo, mwenye karafuu zake hatokuuliza gari ni aina gani.

Halafu petroli. Kwao Japani RS200 inatiwa ile ya daraja la juu, imeandikwa ndani ya kifuniko cha tangi. RX-8 vile vile. Mie natia ya sheli moja tu ninayoiamini, na nikisikia injini inagonga gonga nikikanyaga kwenye kilima, naachia mguu.

Raha yake ni spea. Bushi, boljointi, pedi za breki, plagi, ukikosa Chake unaagiza Darajani, Darajani hamna inatoka Kariakoo, inakuja na boti. Na kama jamaa ni mtu wa kazini na kurudi, bora Altezza ya AS200. Injini yake ni 1G-FE ya silinda sita, farasi 160, na injini hiyo imo kwenye Mark II za GX100 na GX110 zilizojaa mitaani. Kila fundi chini ya mwembe anaijua.

Mwana_Kikwajuni

Mdogo wangu wa Fuoni, hongera, ila huyo rafiki yako kama hana gari nyengine ya mvua asiiguse Roadster mpaka asome hapa.

Nina NB ya 1.8, nyeusi. Nyepesi, kama kilo elfu moja na kidogo, na kwa wepesi ule inafurahisha hata ukiwa mwendo wa hamsini, jambo ambalo hao wenzangu wawili hawawezi kusema. Lakini turubai lake lina siri. Mvua ikinyesha, maji yanateremka nyuma ya viti kwenye pembe mbili, kulia na kushoto, yanaingia kwenye tundu na kutokea chini ya gari. Tundu zile zikiziba kwa majani (kwangu ni ya mkungu, nyumba ya jirani), maji yanaingia ndani ya boksi la bati chini ya mlango yanakaa humo. Utajua vipi? Ukikata kona utasikia chubwi, chubwi, nyuma ya kiti. Wengi wanadhani ni chupa imeanguka. Bati linaoza kutoka ndani kuja nje, na ukiona rangi imetoa malengelenge mbele ya tairi la nyuma, huko ndani kushakwisha.

Kuzibua ni rahisi. Fungua turubai nusu, inua kitambaa cha nyuma, utaona tundu. Usipitishe waya, utatoboa bomba lake. Mimi natumia mshipi mnene wa kuvulia, naupitisha taratibu mpaka utokeze chini, kisha namimina kikombe cha maji naangalia yanatoka upande gani. Yakitoka pande zote mbili basi nalala.

Betri yake imo kwenye buti, ina bomba dogo la kutolea hewa nje. Ukibadilisha betri, bomba hilo lirudishwe, mafundi wetu hulitupa. Na klachi ikianza kuingia chini bila nguvu, usikimbilie kununua klachi. Tazama kwanza silinda ndogo ya chini inayoisukuma, kwenye gari hizi huvuja, na ni kitu cha bei nafuu.

Jengine hili ni la zote tatu. Mkishuka Paje au Nungwi mkaegesha karibu na maji, mkirudi zioshwe chini kwa maji baridi, si juu tu. Chumvi haianzi kwenye rangi mnayoipiga picha.

Kijana_wa_Fuoni

Dada, na matuta? Mimi Jozani pale kwa kima punju napita kwa kusali.

Mwana_Kikwajuni

Yale yana sababu yake, kima walikuwa wanagongwa. Pita kwa upembe, tairi moja moja, na usiwe na haraka hata wa nyuma apige honi.

Mkarafuu_Wete

Na mwenye kuvuka na gari kwa meli aangalie maji. Yakiwa yamekupwa, hasa siku za bamvua, mteremko wa kupandia unakuwa mkali, bampa la mbele linakwangua. Nyie mlioshusha spring ndo kabisa.

Jangombe_Kati

Mimi ndo huyo rafiki. Nimesoma yote. RX-8 nimeitoa, samahani sheikh wa Fuoni. Gari yangu itakuwa ya kila siku, nampeleka mtoto skuli, na nyumbani tuna uwanja mdogo, kuzisogeza sogeza gari ni kila jioni. Roadster ina viti viwili, mke kashaniuliza mtoto atakaa wapi. Imebaki Altezza. Nimeona RS200 mnadani Japani, karatasi yake ya ukaguzi ina daraja la 4, kwenye mchoro pameandikwa A1 sehemu mbili, U1 mlangoni, na chini kwenye maelezo pana S na C. Muuzaji anasema ni mikwaruzo tu.

Spana_Namba_Kumi

A ni mkwaruzo, U ni mbonyeo, hayo ya kuishi nayo. S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula. Kutu ya chini Japani mara nyingi inatoka mikoa ya theluji, wanamwaga chumvi barabarani. Sasa uilete gari ya chumvi kwenye kisiwa cha chumvi? Omba picha za chini, za karibu: mikono ya nyuma, vishikio vya difu, na bomba za breki. Asipokuletea, tafuta nyengine. Na kama utaona R au RA mahali pa daraja, hiyo ishagonga na kutengenezwa.

Tairi zake tazama tarakimu nne za mwisho ubavuni. Ikiandikwa 2314, ni wiki ya 23 ya mwaka 2014, hata kama kashata zote zimo. Usipande nazo kilima cha Mkarafuu.

Jangombe_Kati

Picha za chini kaleta, nimeziweka hapo. Naona vumbi la kutu kwenye boliti tu, bati liko safi. Tena kwenye picha ya injini pana stika ndogo imebandikwa, ya Kijapani, ina namba 25, kisha 8, na kilomita 78,000. Saa ya gari inasoma 112,000. Ni nini?

Spana_Namba_Kumi

Vishikio vya difu viko sawa, nimevitazama. Stika ni ya belti ya taimingi, gereji za kwao hubandika wakishabadilisha. Hiyo 25 ni mwaka wa Heisei, kalenda ya kwao, jumlisha na 1988 unapata 2013, mwezi wa nane. Kwa kilomita belti bado, kwa miaka ishapita, mpira unakauka hata gari ikiwa imesimama. Ikifika usianze kuizungusha mjini. Ije kwangu kwanza tufungue, tubadilishe belti na roli zake, na wota pampu tuiangalie hapo hapo kabla hatujafunga. Agiza vitu Kariakoo sasa hivi, gari ikiwa bado baharini.

Kijana_wa_Fuoni

Na bibi wa ETC umtoe au umwache?

Jangombe_Kati

Namwacha. Mtoto atampenda.