Je, ni kweli kwamba wakandarasi wa London walilipa ili wapewe taka?

Mwalimu_wa_Zamu: Habari zenu, wanajukwaa. Ninaandaa somo la historia la kidato cha tatu, na nimesikia kwamba mwanzoni mwa karne ya 19 wakandarasi wa London walizilipa parokia (ambazo huko Uingereza zilikuwa pia vitengo vya utawala wa mitaa) ili waruhusiwe kuzoa taka za majumbani. Taka zilikuwa na faida gani hata mtu azitolee fedha?

Tanuri: Ni kweli, mwalimu. Sehemu kubwa ya taka zile ilikuwa majivu ya makaa ya mawe, kwa kuwa nyumba za mji huo zilipikia na kuota moto wa makaa hayo. Wazoaji walipita na mikokoteni ya farasi na kupeleka mzigo kwenye jaa la mkandarasi, ambako wanawake walishinda wakichekecha katikati ya vumbi. Majivu laini yalichanganywa na udongo wa kufyatulia matofali, na chembe za makaa zilizosalia humo ziliwaka wakati wa kuchoma, hivyo tofali likaiva hadi ndani. Vipande vikubwa vilitumika kuchochea tanuri lenyewe. Mifupa, matambara na vyuma vilikuwa na wanunuzi wao. Hunigusa sana kufikiri kwamba kuta nyingi za London zimebeba majivu ya meko ya watu waliokwisha kusahaulika.

Binti_Saidi: Naomba niongeze upande wa uchungu, ndugu Tanuri. Bei ya majivu iliposhuka, wakandarasi waliokuwa wakilipa walianza kudai walipwe wao. Hata kabla ya hapo, mitaa ya maskini ilicheleweshwa, kwa sababu aliyenunua makaa kidogo aliyateketeza yote na taka zake hazikuwa na thamani. Sheria ya afya ya London ya 1891 ndiyo iliyozibebesha mamlaka za mitaa wajibu wa kuziondoa. Nottingham ilikuwa imeanza kuzichoma katika tanuri maalumu tangu 1874.

Msomaji_Tanga: Mwalimu, linganisha na Paris. Mwaka 1883 Eugène Poubelle, aliyekuwa mkuu wa eneo la Seine, aliamuru wenye nyumba waweke vyombo vya taka vyenye vifuniko, na hadi leo Wafaransa huliita pipa la taka kwa jina lake. Waliolalamika sana ni waokota matambara, kwani walizoea kuchambua malundo yaliyomwagwa barabarani, na riziki yao sasa ilifungiwa ndani ya pipa.