Yule fundi wa 1KD mnayemsifia humu kila siku leo kanidhalilisha mbele ya mama ntilie

Wakuu, naandika huku mikono inatetemeka, na msiniulize kama nimekula. Ningekulaje wakati mama ntilie mwenyewe alikuwa anacheka?

Jina simtaji. Mnamjua. Yule mwenye ovaroli iliyokuwa ya bluu enzi za Mkapa. Kila mtu akiuliza humu gereji nzuri Arusha ni ipi, mnajibu kwa pamoja "nenda kwa yule mzee". Nimeenda. Asanteni sana.

Gari ni Toyota Hilux Vigo, injini ya dizeli 1KD, ile ya 2982 cc. Baridi ya asubuhi ya huku kwetu mnaijua. Nikiwasha inagonga na kutoa moshi mweupe mpaka jirani anafunga madirisha. Nikafungua kifuniko cha oili injini ikiwa inaunguruma, kinarukaruka kama cha sufuria ya makande. Basi nikasoma. Nimesoma usiku mpaka mke wangu akahisi nina mtu. Wote wanaoijua 1KD wanaimba wimbo mmoja: zile washa, pete nyembamba za shaba zinazokaa chini ya nozeli za kupulizia dizeli, zikichoka, moto wa kwenye silinda unapenya mpaka juu kwenye kava la valvu, unaikaanga oili inageuka masizi, masizi yanashuka kwenye sampo, lile bakuli la oili chini ya injini, na kuziba chujio la pampu ya oili. Presha inashuka. Inaanza kufa turbo, zinafuata beringi za krenki, halafu mwenye gari.

Nikaenda kwa adabu zote. "Shikamoo fundi." (Ile shikamoo namdai.) Nikamwomba tushushe sampo tuangalie chujio, halafu tubadilishe washa za nozeli. Nikatoa simu nimwonyeshe picha. Hakuiangalia. Akafuta mikono kwa kitambaa kichafu kuliko mikono yenyewe, kidole kimoja kimoja, taratibu, akasema kwa sauti ya kufika barabarani:

"Basi ipande hiyo simu ikupeleke Karatu."

Gereji nzima. GEREJI NZIMA. Dogo wa spana alikaa chini. Kuna mzee alikuja kujaza upepo wa baiskeli, hata gari hana, alicheka mpaka akashika nguzo. Mama ntilie aliacha chapati iungue. Chapati yangu!

Na utaalamu wake? "Weka oili nzito, itatulia." Oili nzito, kwenye chujio linaloziba! Nikamuuliza mkanda wa taimingi je, maana taa ya T-BELT imewaka. Akasema ile taa dawa yake ni kuchomoa balbu. Wakuu, mkanda ukikatika kwenye injini hii valvu zinakutana na pistoni, hapo unashusha injini nzima na kuuza shamba.

Lakini balbu nasamehe. Oili nzito nasamehe. "Ipande hiyo simu." Mimi, baba mzima, mjumbe wa kamati ya harusi mbili, nipande simu! Na kwa nini Karatu? Nani alimwambia naenda Karatu? Naenda kweli, nina vitunguu Mang'ola vinanisubiri, ila nani alimwambia?

Mods, msiunganishe uzi huu na ule wa "mafundi waaminifu".

chalii_wa_Sakina: Nimecheka kwenye daladala mpaka konda kasahau kunidai nauli. Mkuu, hiyo simu ni ya gia ngapi?

Mzee Sita Silinda: Mnanunua vitu vya umeme umeme halafu mnalia. 1HZ ya Land Cruiser, 4164 cc, silinda sita, turbo haina, komoni reli, ile ya kupuliza dizeli kwa kompyuta, haina. Magari mangapi ya watalii hapa mjini yanaenda nayo Serengeti na kurudi? Ukiisikia inalalamika, mkague dereva.

Mleta uzi: Mzee shikamoo. 1HZ ikiwa na mzigo kwenye ule mlima wa Mto wa Mbu, abiria anashuka, ananunua ndizi nyekundu, anapunguziwa bei, anapanda tena.

Mzee Sita Silinda: Marahaba. Ila inafika. Wewe umefika?

chalii_wa_Sakina: 😂😂 Mtoeni huyo kijana jua linamuumiza.

mama_pikapu: Nyie mna washa, ni kitu cha kubadilisha mkalala. Mimi nina YD25 ya Nissan, cheni ya taimingi imelegea, asubuhi inasaga mpaka kuku wanatawanyika. Fundi kaniambia, "Dada, ongeza sauti ya redio." Wewe angalau ulipewa usafiri.

Nusu_Injinia: Mleta mada yuko sahihi. Washa zikibadilishwa mapema injini inapona, ila lazima sampo ishushwe na chujio lisafishwe, vinginevyo umefanya kazi nusu. Na ukiweka nozeli mpya, kila moja ina namba zake za kuingiza kwa mashine, la sivyo itagonga vilevile. Ndiyo maana wengine wanakimbilia 1GD, mrithi wa 1KD, ya 2755 cc, iliyokuja 2015 na cheni badala ya mkanda.

mama_pikapu: Gereji yako iko wapi kaka?

Nusu_Injinia: Sina gereji. Nafundisha kemia.

mmachame_orijino: Arusha mnatukanwa kwa sababu mna haraka. Huku Moshi fundi anakupa pole, anakuita kaka, anakuambia acha gari. Jumapili unapigiwa simu gari lako lipo Boma Ng'ombe limebeba mbege.

Mleta uzi: Pole mkuu, ila turudi kwenye hoja. Kanambia NIPANDE SIMU.

Sabina_wa_vitenge: Neno fundi likishatajwa tu presha yangu inapanda. Wangu wa cherehani ana kitenge changu tangu Pasaka. Ya mwaka gani sisemi.

mama_pikapu: Yule wa karibu na soko la Kilombero? Anayesema "nimebakiza vifungo tu"?

Sabina_wa_vitenge: HUYO HUYO. Gauni lenyewe halina vifungo!

chalii_wa_Sakina: Ngoja kwanza, mama yangu ana gauni pale. La kijani.

Mleta uzi: Jamani, uzi huu ni wa nozeli.

Sabina_wa_vitenge: La kijani lenye mikono mipana? Mwambie mama aketi kwanza. Mke wa fundi alilivaa kanisani juzi, na limemkaa.