Naomba ushauri: nirekodije simulizi ya bibi kuhusu Engare Nanyuki 1951?

Habari zenu ndugu zangu. Niko Arusha, kwetu Meru. Shuleni tulifundishwa safari ya Mwalimu Umoja wa Mataifa 1955. Hatukuambiwa kwamba 1952 Mmeru, Kirilo Japhet, alishasimama kule New York kudai ardhi ya Engare Nanyuki, ambako Waingereza waliwahamisha watu wapatao 3,000 kuwapisha walowezi. Wameru walichangishana wenyewe kumpeleka. Inaniuma watoto wetu hawalijui jina lake.

Bibi yangu alikuwa binti wa kuchunga ndama. Anakumbuka harufu ya nyasi za paa zikiungua, na mama yake akirudi mbio kuchukua kinu. Akifika hapo hunyamaza, anavuta kanga usoni.

Sasa amevuka miaka 80 na ameanza kuchanganya mambo. Nimemrekodi kwa simu mara mbili, upepo ukafunika sauti. Halafu anasimulia kwa Kimeru; nikimwomba Kiswahili anafupisha, utamu wote unapotea. Nimwache na Kimeru chake, nitafsiri baadaye? Na akinyamaza, nimuulize tena au nimwache?

Mliowahi kurekodi wazee wenu, nisaidieni. Jumamosi naenda kwake.