Mbwa kijana mwenye nguvu nyingi: ndani anatii, nje haitiki. Nianzie wapi?

MfugajiMpya

Wakuu, habari zenu. Naomba msaada wa mafunzo. Mbwa ni dume, miezi 9, kilo 22, miguu mirefu, nguvu haziishi. Ndani ya nyumba ukisema "kaa" anakaa, ukisema "njoo" anakuja mbio. Kamba ikifunguliwa nje, ni kama hajawahi kusikia neno hata moja. Anazunguka kwa kasi, anasimama, anakutazama. Ukisogea hatua mbili anainamisha kifua, makalio juu, kisha anachomoka tena. Kuita mara kumi, kumi na tano, ni kazi bure. Akikamatwa anafungwa kamba na kurudishwa nyumbani.

Je, huu ni ukaidi au ni umri? Neno "njoo" bado lina faida? Na je, akimbizwe zaidi ili achoke kwanza ndipo afundishwe? Kwa sasa anarushiwa mpira saa nzima asubuhi na saa nzima jioni, na usiku bado anatafuna viatu.

KambaNdefu

Mkuu, karibu. Umri unachangia. Kuanzia miezi 6 hivi hadi mwaka na nusu mbwa yuko kwenye balehe. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Newcastle cha Uingereza, uliochapishwa mwaka 2020, ulikuta mbwa wa miezi 8 wakimsikiliza mlezi wao kidogo kuliko walipokuwa na miezi 5, ilhali mgeni akiwaamuru walitii vizuri tu. Hali hiyo hupita.

Ila kwako kilichoharibika zaidi ni neno lenyewe. Umeandika kwamba akikamatwa anafungwa na kurudishwa nyumbani. Kwa hesabu ya mbwa, "njoo" maana yake ni "raha imekwisha". Na ukiita mara kumi na tano huku yeye anakimbia, sauti hiyo inazoeleka kuwa sehemu ya mbio. Usihangaike kuliokoa. Chukua neno jipya, fupi, lisilotumika kwa jambo jingine, linaloweza kupaazwa bila kusikika kama hasira. "Hapa!" linafaa. Watu wote wa nyumbani walitamke vilevile.

Siku 4 au 5 za kwanza ni za ndani, na humwiti kutoka mbali. Mbwa yuko karibu nawe, hana shughuli. Sema neno mara moja, pitisha nusu sekunde, kisha kipande cha nyama kinywani. Awe amekutazama au hakukutazama, anapewa. Neno litangulie, mkono ufuate. Mkono ukiingia mfukoni kabla ya neno, mbwa anajifunza mkono na neno linabaki kelele. Kosa hili huonekana siku unayoita huku mikono yako imeshika kitu kingine na yeye hajali. Fanya mara kumi kwa kipindi kimoja, vipindi vitatu kwa siku, kila kimoja kisizidi dakika 3.

Kipande kiwe kama punje ya mahindi, laini, cha kumezwa mara moja: kuku au maini yaliyochemshwa bila chumvi wala kitunguu. Kitunguu ni sumu kwa mbwa, kiwe kibichi au kilichopikwa. Vitafunio visizidi sehemu moja ya kumi ya chakula chake cha siku, na kiasi hicho ukipunguze kwenye bakuli.

Kisha mjaribu. Ngoja akupe mgongo, pua yake iko kwenye zulia. Sema neno. Kichwa kikigeuka mara moja, na miguu ikafuata kabla hujamaliza kupumua, neno limeingia. Likigeuka sikio tu, rudia siku mbili zaidi.

Kutoka hapo nenda chumba kwa chumba, kisha uani hatua tano hadi kumi, kisha nje na kamba ndefu. Kanuni ya kupanda ngazi: akiitika mara 8 kati ya 10, ongeza ugumu, akishuka chini ya hapo, punguza. Na ongeza kitu kimoja tu kwa wakati mmoja. Ukiongeza umbali, mahali pawe patulivu. Ukienda penye mbwa wengine, umbali uwe mfupi tena.

Ukiwa nje, chagua sekunde ya kuita. Mbwa aliyezamisha pua kwenye nyasi, mkia umekaza, hakusikii, usipoteze neno. Mtazame: atamaliza kunusa, atainua kichwa, atapumua kwa nguvu puani. Hapo ndipo unaita. Baada ya wiki kadhaa unaweza kumwita kabla hajainua kichwa, lakini si mwanzoni.

Akifika, mlipe kwa muda. Vipande vitano au sita, kimoja baada ya kingine, kwa sekunde kama kumi, karibu kabisa na miguu yako, huku unamsifu. Kisha sema "nenda" na umwachie arudi kucheza. Hii "nenda" ndiyo dawa ya ugonjwa wako. Kati ya kila miito kumi, tisa iishie kwa kuachiwa tena. Na ule wa kumi, wa kurudi nyumbani, usimfunge papo hapo: mlipe, tembeeni pamoja dakika moja, mpe kipande kingine, ndipo ufunge.

Asipoitika, usirudie neno. Hesabu moja, mbili, kisha piga makofi na ukimbie kumpa mgongo, maana mbwa kijana hufuata kinachomkimbia. Akigoma hata hapo, fuata kamba hadi alipo, ifupishe polepole, ondoka naye kimya bila kugomba. Mwito unaofuata uwe rahisi zaidi, hata wa hatua mbili. Hata kama amechelewa dakika kumi, akifika usimkaripie. Yeye huunganisha karipio na alichofanya sekunde ile, na sekunde ile alikuwa anakuja kwako.

BiFilimbi

Naongezea kuhusu kamba, kwa sababu hapa ndipo watu na mbwa huumia.

Urefu wa mita 10 unatosha. Upana uwe sentimita moja na nusu hadi mbili; nyembamba hukata ngozi ya viganja. Mwisho wake usiwe na kitanzi, kwani hunasa kwenye mizizi na mawe. Usiizungushe mkononi wala kwenye kiuno, na vaa glavu wiki za kwanza.

Lakini muhimu kuliko yote: kamba ndefu haifungwi kwenye kola ya shingoni. Mbwa wa kilo 22 akichomoka mita 10 kwa kasi kisha akakatwa ghafla, mshtuko wote unaishia kwenye koo na pingili za shingo. Tumia mkanda wa kifuani wenye pete mgongoni, usiobana makwapa; vidole viwili vipite kati ya mkanda na mwili. Na ile kamba inayojikunja yenyewe ndani ya kishikio usiitumie kwa kazi hii, kwa sababu inamvuta wakati wote na mbwa anazoea kwamba kuvutwa ni hali ya kawaida.

Kamba isitumiwe kumvuta kama ndoo ya kisimani. Kazi yake ni kumzuia asipate raha ya kukimbilia mbali, basi. Ukimvuta hadi kwako, atajifunza kuja akiwa na kamba tu.

Filimbi pia ni wazo zuri badala ya neno. Sauti yake haibadiliki ukiwa na hofu au hasira, na inafika mbali kuliko koo la mtu. Milio miwili mifupi, na mafunzo ni yaleyale ya kipande cha nyama.

MfugajiMpya

Asanteni sana. Dada BiFilimbi, kamba ilikuwa inafungwa kwenye kola, nabadilisha leo. Swali moja: hata anapoamua kuja, anasimama hatua mbili kutoka kwangu na kurukaruka. Nikinyoosha mkono anakwepa. Na kaka mmoja ananishauri nitafute kola ya umeme, anasema tatizo litaisha ndani ya siku tatu.

KambaNdefu

Kukwepa mkono kunatokana na jambo lilelile: mkono umekuwa mtego. Mfundishe kushikwa kola kama somo la peke yake. Ukiwa ndani, gusa kola kwa kidole, kisha kipande. Mara kumi. Kesho, shika kola kwa sekunde moja, kipande, achia. Keshokutwa shika na uvute kidogo sana. Mpangilio ni mguso kwanza, chakula baadaye. Ukianza kwa kumwonyesha chakula kisha ukamkamata, atajifunza kwamba chakula ni chambo, na atakwepa vyote viwili.

Nje, usimnyooshee mkono kutoka juu na usimwinamie. Simama ubavu, shusha mkono wenye chakula hadi uguse goti lako, kwa upande wa ndani. Analazimika kuingiza kichwa karibu na mguu ili apate. Akiwa anakula kipande cha pili, mkono wa pili unapita chini ya kidevu na kushika kola kwa utulivu. Achia, endelea kumlisha, "nenda".

Kola ya umeme, hapana. Mbwa hajui umeme unatoka wapi. Akipigwa huku anamtazama mtoto au mbwa mwingine, ndiye atakayemwogopa au kumshambulia. Wales iliipiga marufuku mwaka 2010. Na mwaka 2020 watafiti wa Chuo Kikuu cha Lincoln walilinganisha makundi ya mbwa wenye shida hiihii ya kutoitika: kola ya umeme haikuwashinda waliofundishwa kwa zawadi, na wa zawadi waliitika upesi zaidi.

Mnusaji

Mkuu, swali lako la tatu halijajibiwa, nami nadhani ndilo linaloeleza vile viatu.

Kumrushia mpira saa mbili kwa siku hakumtulizi, kunamjengea pumzi. Mwezi ujao atahitaji saa tatu. Tena kila mrusho unampandisha jazba, na mbwa mwenye jazba hajui kujituliza. Kutafuna usiku mara nyingi ni dalili ya mbwa aliyechoka kupita kiasi, kama mtoto anayelia kwa usingizi. Katika umri huu anahitaji saa nyingi za kulala kwa siku, zikiwemo za mchana. Kagua kama anazipata.

Punguza mpira uwe dakika 10, na mirusho michache yenye vituo katikati: anakaa, anatulia, ndipo unarusha. Badala yake mpe kazi ya pua. Chukua nusu ya chakula chake cha asubuhi, kitawanye kwenye nyasi na umwache akitafute robo saa. Mtembeze kwa kamba ya mita tatu, mwendo wake, anuse anachotaka. Kunusa kunamtuliza kuliko kukimbia.

Mafunzo yenyewe usiyafanye akiwa hoi wala akiwa ndio kwanza anatoka mlangoni. Mpe dakika kumi za kunusa kwanza, ndipo uanze.

BiFilimbi

Na zile "kaa" na "subiri" za ndani zinahitaji kuanzishwa upya nje. Mbwa alijifunza "kaa" ya sebuleni, mbele yako, juu ya sakafu ileile. Penye majani yenye umande ni jambo jipya kwake. Kwa "subiri", anza na sekunde 2, uwe umesimama papo hapo. Fika sekunde 20 kabla hujarudi nyuma hata hatua moja. Ukianza kurudi nyuma, muda ushuke tena hadi sekunde 3. Zawadi mpelekee alipokaa. Ukimwita kutoka kwenye "subiri" kila mara, ataanza kuinuka kabla ya wakati, maana anajua malipo yako upande wako.

MfugajiMpya

Nimeelewa. La mwisho: kamba ndefu naivua lini?

KambaNdefu

Usiende kwa kalenda. Wengi huhitaji miezi miwili au mitatu ya kazi ya kila siku. Kipimo: awe ameitika mwito wa kwanza, bila kurudiwa, katika sehemu tatu tofauti, mbwa wengine wakionekana, kwa wiki mbili mfululizo. Ikifika hapo, usiivue. Iachie iburuzike chini wiki nyingine mbili, ukiwa tayari kuikanyaga kwa kiatu. Kisha ivue kwanza mahali penye uzio. Na vipande vya nyama visiondoke mfukoni. Kinachopungua ni idadi, na hata hivyo siku akiacha paka au mbwa mwenzake kwa ajili ya mwito wako, mpe mkono mzima.