Naomba ushauri: nahisi mama anateswa na kaka yangu

Habari zenu wapendwa. Mama ana miaka 78, anaishi na kaka yangu. Juzi nilipomshika mkono alishtuka, akauvuta. Juu ya kiwiko kuna alama za vidole. Anasema alijigonga mlangoni. Kadi yake ya benki anayo kaka, na mama akiongea nami kwenye simu lazima kaka awe pembeni anasikiliza. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mtu 1 kati ya 6 wenye miaka 60 na kuendelea hutendewa vibaya ndani ya mwaka, na wengi hunyamaza kwa woga. Nikimkabili kaka, nachelea hasira zitamwishia mama nikishaondoka. Nianzie wapi: kwa daktari wake, ustawi wa jamii au polisi? Na nimwulizeje mama bila kumtia aibu?