Mjadala: Je, mzazi anayelea watoto peke yake nchini Uganda anasaidiwa vya kutosha, na kwa haki?

Mleta hoja, Kampala

Kila mwaka bajeti inaposomwa mwezi wa Juni, mzazi anayelea watoto peke yake hupitwa kimya, awe mjane, ameachwa, au ni msichana aliyepewa mimba na mhusika akatoweka. Wako wanaosema kwamba msaada anaopata hautoshi, na wako wanaosema kwamba anapendelewa kuliko walioolewa. Mimi naona pande zote mbili zinabishana juu ya kitu ambacho hakipo, kwa sababu hatuna fungu lolote la taifa analolipwa mzazi kwa kuwa analea peke yake. Tulicho nacho ni mikopo.

Mpango wa kuwawezesha wanawake kibiashara, UWEP, ulioanza mwaka 2016, unawataja waziwazi wajane na akina mama vijana wasio na wenzi kuwa miongoni mwa walengwa wake, na fedha zake hazina riba zikirudishwa ndani ya mwaka wa kwanza, lakini hukopeshwa kwa kikundi cha wanawake 10 hadi 15. Mpango wa Maendeleo ya Parokia, PDM, uliozinduliwa mwaka 2022, huipa kila parokia, yaani eneo dogo la utawala lenye vijiji kadhaa, shilingi milioni 100 kwa mwaka, ambapo asilimia 30 ni ya wanawake, na kaya hukopa hadi milioni 1 kwa riba ya asilimia 6. Kwenye karatasi ni mipango mizuri, na sitaki kuibeza.

Hata hivyo, mkopo unahitaji mikono na muda. Palipo na watu wazima wawili, mmoja huenda sokoni na mwingine akabaki na mtoto, ilhali mama aliye peke yake, mwenye mtoto wa miezi minane mgongoni na mwingine wa darasa la kwanza, hufunga biashara siku ambayo mmoja wao anapata homa. Wanakikundi, ambao ndio wanaodhaminiana deni, wanalijua hilo na humkwepa, wala siwalaumu. Tena PDM huhesabu kaya, na msichana aliyerudi kwa wazazi wake na mtoto huhesabiwa ndani ya kaya ya baba yake, kwa hiyo mzee akishachukua mkopo, zamu ya nyumba hiyo imekwisha.

Napendekeza malipo madogo ya kila mwezi kwa kila mtoto mchanga, pasipo kuulizwa kama mama yake ameolewa.

Mchangiaji, Jinja

Ndugu mleta hoja, nimekusoma kwa heshima, ila sikubaliani nawe.

Huku Busoga nawajua wake wa ndoa ambao waume zao wanauza miwa na kuzimaliza fedha zote kwenye pombe. Hao unawaweka wapi? Ukisema watalipwa wote, basi umeacha hoja ya mzazi wa peke yake na umeingia katika hoja ya watoto wote, ambayo gharama yake nchi hii haiwezi kuibeba. Sheria ya watoto tunayo, nayo inamruhusu mama kumdai baba matunzo tangu akiwa mjamzito hadi mtoto atimize miaka 18, na Katiba ya mwaka 1995 inasema kulea ni haki na wajibu wa wazazi. Tena kuna bibi, shangazi na ukoo. Siku serikali itakapoanza kulipa, baba atakunja mikono na kusema mtoto wake analelewa na serikali.

Mchangiaji, Nebbi

Ndugu zangu, jambo hili tulishalijaribu, na nashangaa hakuna aliyelikumbuka. Mwaka 2010 ruzuku za SAGE, yaani fedha taslimu za serikali kwa wasiojiweza, zilipoanza kwa majaribio katika wilaya 15, na Nebbi ikiwamo, zilikuwa na matawi mawili. Tawi moja lilikuwa la wazee kuanzia miaka 65, na huko Karamoja miaka 60. Tawi la pili lilikuwa la familia dhaifu, yaani kaya zenye wategemezi wengi na watu wachache wenye nguvu za kufanya kazi, zilizochaguliwa kwa hesabu iliyofanywa mbali na kijiji. Kwa mzee wa miaka 70 hapakuwa na ubishi, kwani kila jirani aliuona umri wake. Kwa familia dhaifu ubishi haukukoma: mbona yule amepata na mimi sikupata, ilhali paa zetu zinavuja sawasawa? Mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji, alilaumiwa kwa orodha ambayo hakuitengeneza. Tawi hilo lilifungwa mwaka 2015, la wazee likabaki.

Funzo ninalolipata ni kwamba kipimo ambacho kijiji hakiwezi kukikagua hakidumu. Kumlipa mama kwa sababu “yuko peke yake” ni kipimo cha aina hiyo, kwa kuwa tutaanza kuchungulia nani analala nyumbani kwa nani. Umri wa mtoto ni kipimo cha wazi kama ule wa mzee, mradi kuzaliwa kwake kumeandikishwa, na hapo bado tuna kazi kubwa.

Kuhusu bibi, ndugu wa Jinja, ruzuku ya wazee ilipoenezwa nchi nzima katika mwaka wa fedha wa 2020/21, umri wa kuingia uliwekwa kuwa miaka 80. Bibi anayelea wajukuu hasa ndiye yule wa miaka 55 au 65, naye hapati kitu. Anayepata hizo shilingi 25,000 kwa mwezi mara nyingi ni wa kulelewa yeye mwenyewe. Na mjane wa kiume hajatajwa na yeyote kati yenu: UWEP haimhusu, na kwenye PDM hugombea asilimia 20 ya wanaume pamoja na wenye ng’ombe.

Mleta hoja, Kampala

Nakushukuru, ndugu wa Nebbi, na nakubali kwamba kipimo kiwe mtoto. Mjane wa kiume naye ataingia kwa mlango huohuo.

Kuhusu gharama, tufanye hesabu pamoja. Shilingi 25,000 kwa watoto milioni 1 ni bilioni 25 kwa mwezi, sawa na bilioni 300 kwa mwaka. Milioni 100 kwa kila parokia, nazo ziko zaidi ya 10,000, zinavuka trilioni 1 kwa mwaka. Kwa hiyo fedha za kuanzia kwa wachanga zingeweza kupatikana, tumechagua kuzikopesha.

Kuhusu sheria ya matunzo, nakubali ipo, lakini kazi yote ya kuitekeleza imewekwa juu ya mabega ya mama. Anatoka kwa LC1, anaelekezwa dawati la polisi la familia na watoto, anapelekwa kwa afisa wa ustawi wa jamii wilayani, kisha mahakamani, na kila hatua ina nauli yake na siku moja ya kibarua iliyopotea. Amri ikitoka, baba ambaye hana mwajiri wa kumkata mshahara anahama Mbale na kwenda kuendesha bodaboda Kampala, na mama anaanza upya. Serikali imeweza, tangu mwaka 2018, kukata asilimia 0.5 kila mtu anapotoa fedha kwenye simu, na kila laini ya raia imesajiliwa kwa nambari ya kitambulisho cha taifa. Inashindwaje kumpata mwanamume mmoja ambaye ameshaamriwa na mahakama?

Mchangiaji, Jinja

Hesabu hiyo siipingi, ingawa tukifika watoto wa miaka mitano haitakuwa milioni 1 tena, na wewe unalijua hilo. Nakubali pia kipimo cha umri, kwa sababu kinamwingiza mke wa yule muuza miwa.

Langu ni sharti moja. Pale ambapo baba anajulikana na yuko hai lakini halei, kila shilingi itakayolipwa iandikwe kuwa deni lake tangu mwezi wa kwanza, kwenye nambari yake ya kitambulisho, na adaiwe na serikali bila mama kuitwa popote. Pendekezo likija bila sharti hilo, mimi nitalipinga.