Tajiri akikupa simu ya kazi, ana haki ya kujua ulipo hata Jumapili?

Wadau, swali ni hilo, na msimamo wangu nautoa hapa hapa: hana.

Nilikuwa nanunua dagaa pale Mwaloni, soko la samaki la Kirumba, Mwanza, kwa niaba ya tajiri mmoja. Alinipa simu janja na bando juu yake, kwa sharti moja: lokesheni isizimwe. Nilikubali bila kinyongo. Unapokuwa na hela ya watu mfukoni alfajiri, unangoja mzigo kutoka visiwani, ni faraja mtu akijua uko wapi. Hata kaka yangu mvuvi, simu ikishika mnara tu anapokaribia nchi kavu, humtumia mkewe alipo, na shemeji yangu analala. Hapo sina ugomvi na mtu.

Jumapili moja nikaenda kliniki. Nilivuka mji mzima hadi Buhongwa ili nisikutane na anayenijua. Jumatatu, mbele ya wabeba mizigo na kina mama wa dagaa, tajiri akaniuliza: "Jana kule kliniki ulikaa masaa matatu, unaumwa nini?" Hakuuliza kwa ubaya, nadhani alinionea huruma. Lakini mchana ule ule, dada niliyezoea kula naye sahani moja aliagiza ya peke yake.

Niliposimulia nyumbani nikajibiwa: "Simu yake, bando lake, na asiye na la kuficha haogopi." Simu ni yake, kweli. Ugonjwa ni wangu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Mei 1, 2023, inataka taarifa za mtu zikusanywe kwa lengo linalojulikana, zisigeuzwe kwa lengo jingine. Lengo letu lilikuwa mzigo. Tena masuala ya afya sheria hiyo inayaweka kwenye taarifa nyeti. Daktari hakutoa siri yangu, wala muuguzi. Ilitolewa na kidoti kwenye ramani.

Mtasema ningezima. Nikizima, yeye anaona nimezima, na kwa mtu aliyeajiriwa kwa mdomo, bila mkataba, kuzima ni kuaga kazi. Ndiyo maana hoja ya "ulikubali mwenyewe" siipokei. Nilikubali kulinda dagaa.

Na inawezekana kuweka kikomo. WhatsApp, ukitaka kumwonyesha mtu unavyotembea, inakuuliza kwanza: dakika 15, saa 1 au saa 8? Muda ukiisha inakata yenyewe. Programu aliyoniwekea tajiri haikuwa na mwisho. Ningependa pale Mwaloni tukubaliane hivi: lokesheni iwashwe hela ikikabidhiwa, izimwe gunia la mwisho likipanda lori.

Nyie wa bajaji na boda za mkataba zenye GPS, na nyie mnaozimiliki, leteni yenu: kazi ikiisha jioni, nani anaacha kutazama?